Mikono ya Mgombea

Siku ile nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilimchagulia Baba shati, nikamkagua kidevu kama kuna ndevu zilizosahauliwa na wembe, nikalificha koti lake la kazini ambalo hulivaa wageni wakija, kwa makusudi kabisa, ili anitie aibu. Kitu kimoja tu nilisahau kukificha, nacho ni televisheni.

"Mbona unanisugua kama meza inayosubiri vanishi?" Baba aliniuliza kwa mikono.

"Kwa sababu leo unauzwa," nikamjibu.

"Anayeuzwa ni wewe. Tulia."

Baba ni kiziwi tangu utotoni. Ni fundi seremala, na mikono ile ile inayopiga randa ndiyo inayosema. Nyumbani tuko watatu: yeye, mimi, na dada yake, Shangazi yangu, aliyehamia kwetu mama alipofariki. Shangazi anaijua lugha ya alama vizuri tu, ila miaka yote hii hajaacha kumpigia kaka yake kelele. Mikono inasema, mdomo nao unapaza sauti, majirani wote wanasikia isipokuwa anayeambiwa.

Viziwi hawasumbuki kutajana majina herufi kwa herufi. Kila mtu ana alama yake, na alama hiyo hujipi mwenyewe. Unapewa na kiziwi aliyekutazama mpaka akakujua. Mimi ni vidole viwili vinavyozunguka jicho, kwa kuwa ninatengeneza miwani. Shangazi ni kiganja kwenye sikio, kwa ajili ya redio yake isiyozimwa. Na mpenzi wangu, ambaye Baba alikuwa bado hajakutana naye ana kwa ana, tayari alikuwa na alama: mraba mdogo unaochorwa hewani. Kisanduku. Maana yeye ni mkalimani wa televisheni, yule anayesimama kwenye kisanduku pembeni ya kioo na kuyageuza maneno ya wakubwa kuwa mikono.

Alama ya nne ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Baba alikuwa amempa mgombea.

Mgombea huyo alikuwa akihojiwa karibu kila wiki, televisheni na redio kwa pamoja, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia, na Baba alikuwa hakosi kumtazama hata mara moja. Baada ya mahojiano ya kwanza tu aliweka kiganja kifuani, akakishusha polepole. Mpole. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa alama nzuri namna ile na Baba, na mimi mwanawe nimo.

"Mpole gani!" Shangazi alikuwa akifoka kila mara, mikono na mdomo. "Mimi namsikia kwenye redio. Yule mtu ana dharau mpaka kwenye kikohozi!"

"Wewe unasikia. Mimi namwona," Baba alikuwa akimjibu.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya neno moja. Mwanamke mmoja alipiga simu studio, akasema alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mgombea tangu asubuhi, na mtoto mgonjwa mapajani, na hakuna aliyemtazama. Mgombea akajibu, "Pole, mama." Baba, aliyekuwa sebuleni mbele ya televisheni, alisema hajawahi kuona pole iliyotoka moyoni kama ile. Shangazi, aliyekuwa jikoni na redio yake, alisema pole ile ilitupwa kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Hawakusemezana siku mbili.

Mimi ndiye niliyegundua wote wawili wana haki. Wiki moja kabla ya ugeni, mahojiano yale yaliporudiwa, nilisimama mlangoni, sikio jikoni, macho sebuleni. Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda zake. Mikono ilisema maneno yale yale, bila kupunguza hata moja, lakini uso uliokuwa kwenye kisanduku ulikuwa umelegea kwa huruma. Na kwa kiziwi, uso ni nusu ya lugha. Baba hakuwa akimtazama mgombea hata kidogo. Alikuwa amempenda mpenzi wangu, akampa sifa zote mtu mwingine.

Nilimpenda zaidi saa ile, na saa ile ile nikaogopa. Jambo lile nikalimeza. Nilijiambia uchaguzi utapita, mgombea atasahaulika, na sisi tutabaki.

Alifika alasiri, amebeba matunda kwenye mfuko na amevaa miwani niliyomtengenezea mwenyewe, ya vioo visivyorudisha mwanga wa taa za studio. Ndivyo tulivyojuana. Alikuja dukani kwangu kulalamikia miwani, akarudi wiki iliyofuata kulalamikia miwani isiyo na kasoro yoyote, na wiki ya tatu nikamwambia aache kuzikunja ovyo zile fremu na aniombe namba ya simu kama mtu mzima.

Nilipomfungulia mlango alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Nikahisi joto masikioni.

"Umependeza, Fundi," alininong'oneza.

"Ninajua. Ingia, na usiogope. Akikuuliza kuhusu mbao, sema unapenda mninga."

"Na kama siujui?"

"Nani kakwambia lazima uujue?"

Alicheka, lakini alipomfikia Baba hakunitazama tena. Alisimama mbele yake, mwanga wa dirisha ukimwangaza usoni kama inavyotakiwa, akainua mikono. "Shikamoo, mzee."

Lazima niseme kwa nini moyo ulinijaa. Kabla yake waliwahi kuja wawili, vijana wazuri tu, wenye kazi na adabu. Wote wawili walikaa kwenye kochi lile, wakanigeukia mimi na kusema, "Mwambie mzee habari za siku nyingi. Mwambie mzee nimefurahi." Mwambie mzee, mwambie mzee, mpaka chai ikapoa mkononi mwangu. Wakiondoka Baba alikuwa akiniuliza, "Amekuja kukuoa wewe au kukuajiri?" Siku hii, kwa mara ya kwanza maishani, niliketi sebuleni kwetu na mgeni, nikanywa chai yangu ikiwa ya moto. Nilikuwa binti tu.

"Kisanduku!" Baba alimwambia kwa furaha. "Kumbe una miguu! Miezi yote hii nilidhani unaishia kiunoni."

"Hata mama yangu alishangaa nilipozaliwa nayo, mzee."

Baba alicheka kwa ile sauti yake ambayo yeye mwenyewe hajui ina ukubwa gani. Akamwonyesha kiti alichokiunga bila msumari. Akamuuliza kuhusu mbao, na mpenzi wangu akasema anapenda mninga, akaulizwa kwa nini, akakiri kwamba ameambiwa na mimi aseme hivyo. Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza. "Huyu tumempata," alinong'ona.

Ndipo Baba alipotazama saa ya ukutani.

"Mahojiano ya Mpole," alisema, akichukua rimoti. "Leo wanamhoji nyumbani kwake."

"Baba, tumalize chai kwanza," nikasema.

"Chai inanyweka huku mtu anatazama."

"Baba, una mgeni."

"Mgeni ni wa humo humo kwenye kioo!" Akamgeukia. "Lakini uko hapa. Nani yuko huko?"

"Mwenzangu. Nimeomba ruhusa leo ili nije kwako."

"Vizuri. Haidhuru. Mpole ni Mpole."

Nilimtupia mpenzi wangu jicho la onyo. Hakulielewa, atalielewaje wakati sikuwahi kumwambia? Televisheni ikawaka. Kwenye kisanduku alikuwa mwanamke mnene mwenye nyusi kali, asiye na masihara na kazi.

Mtangazaji alianza kwa maswali mepesi. Nyumba, bustani, watoto. Kisha akauliza, "Nasikia mpishi wako umekaa naye miaka mingi. Anaitwa nani?"

Mgombea alicheka. "Ah, bwana, hawa wafanyakazi ni wengi. Nitawakariri wote?"

"Ni mpishi tu ninayeulizia."

"Basi mwite Mpishi," alisema, akapiga vidole upande, bila kugeuka, aletewe maji.

Yule mwanamke kwenye kisanduku aliyatoa yote kama yalivyo. Kidevu kilipanda. Macho yakafumbwa nusu. Mdomo ukapinda upande mmoja, kama hasa ulivyopinda wa mgombea. Baba alisogea mbele kwenye kiti chake. Akatazama televisheni. Akamtazama kijana aliyekaa kwenye kochi letu. Akaitazama tena televisheni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mgombea, mzee," alijibu mpenzi wangu.

"Mpole yuko wapi?"

Mikono ya mpenzi wangu ilibaki magotini, na nikaona uso wake umepauka. Ameelewa. Baba naye ameelewa. Mtu aliyesoma nyuso maisha yake yote hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Nilisema mimi!" Shangazi alianza kwa ushindi. "Nilisema, nilisema, nili..." Akaniona nilivyokaa, akanyamaza.

"Ile pole," Baba alisema polepole. "Ya yule mama wa kwenye benchi. Ilikuwa yake au yako?"

"Maneno yalikuwa yake. Sikubadili hata moja." Alisita. "Uso ulikuwa wangu. Uliniponyoka."

"Nimewaambia wenzangu. Karakana nzima, wote wasiosikia. Nimewaambia, mchagueni huyu, nimemtazama moyoni. Walinifuata kwa sababu sijawahi kumsoma mtu vibaya." Mikono ya Baba ilikuwa ikigongana. "Mtu anayeuficha ubaya wa mtu asiyemhusu, atanificha nini kuhusu mwanangu?"

Kisha akafumba macho.

Asiyeishi na kiziwi hawezi kujua hilo ni jambo gani. Ukigombana na mtu anayesikia, hata akikugeuzia mgongo neno litamfikia. Baba akifumba macho amefunga mlango na ufunguo kauweka mfukoni.

"Kaka!" Shangazi alipaza sauti, akipiga mguu sakafuni mpaka vikombe vikalia. "Kaka, fungua macho! Usiwe mtoto!"

Baba hakutikisika. Mpenzi wangu alizima televisheni, akanigeukia, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Ulijua?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na hukuniambia, Fundi? Ningemwambia mwenyewe, mlangoni, kabla hata ya kukaa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utajirekebisha!" Yalinitoka kabla sijayachuja. "Niliuona uso wako ukimwambia mwanamke usiyemjua pole. Nikasema, huyu ndiye ninayemtaka. Nikaogopa nikikuambia utausahihisha, na Baba akijua atakufukuza. Sasa nimeyapata yote mawili."

Alinitazama. Alitaka kunishika mkono, nikauona mkono wake ukianza safari kisha ukarudi, kwa heshima ya nyumba.

"Nikushauri?" Shangazi alimwambia mpenzi wangu, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huwa anachungulia. Tangu tukiwa watoto. Hawezi kukaa gizani muda mrefu, ana umbea mno."

Basi mpenzi wangu akavuta kile kiti kisicho na msumari, akakiweka mbele ya Baba, kwenye mwanga, akakaa. Hakumgusa. Hakupiga mguu. Alingoja, mikono imetulia mapajani, nami nikakaa pale nikihesabu kasoro zangu zote na kumwahidi Mungu mambo mengi.

Jicho moja la Baba likafunguka kidogo.

"Naomba unitazame mara moja tu," mpenzi wangu alimwambia upesi. "Halafu nitaondoka, ukitaka."

Jicho halikufumbwa.

Akaanza na yule mwanamke. Alimketisha kwenye benchi, akampakata mtoto, akaomba. Kisha akageuka kuwa mgombea, na mimi, niliyemzoea mtu huyu mpaka vishimo vya mashavuni, nikamwona akipotea mbele yangu. Kidevu kilipanda. Macho yakawa ya mtu anayetafuta saa. "Pole, mama," mikono ilisema, na pole hiyo aliipangusa kifuani kama unavyopangusa makombo ya mkate kwenye shati. Sikuupenda uso ule. Nadhani hata yeye aliuchukia kuuvaa mbele yangu, kwa Baba, siku aliyokuja kuomba kupendwa.

"Ndiyo hiyo," Shangazi alinong'ona. "Haswa ndivyo ilivyosikika."

Alipomaliza, alirudisha mikono mapajani. Baba alikuwa amefungua macho yote mawili.

"Na ile ya kwanza? Kwa nini?"

"Mama yangu hasikii, mzee. Nilipokuwa mdogo nilimkalimania kwenye maofisi. Karani akisema, 'Mwambie atoke hapa, anatuchelewesha,' mimi nilimwambia mama, 'Anasema pole, turudi kesho.' Mpaka leo mama anamsifu yule karani. Yule mwanamke aliposema benchi, nilisahau niko wapi."

Baba alimtazama usoni. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama yako alijua."

"Hapana, mzee. Hakuwahi..."

"Uso wa karani ulikuwa mbele yake. Wewe ulikuwa mtoto, unadhani macho yake yalikuwa wapi? Alijua. Alikuachia kwa sababu uliyemdanganya alikuwa mama yako, na ulimdanganya kwa upendo." Baba alimwinamia. "Mimi si mama yako. Siku moja nitakuja nyumbani kwako, nitakuuliza, binti yangu yuko vipi. Utaniletea ule uso mzuri?"

"Nitakuambia ilivyo. Hata kama kosa ni langu."

"Kusema ni rahisi. Anza sasa hivi. Binti yangu ana kasoro gani?"

"Baba!" nikaruka.

"Nyamaza. Namhoji mgombea wangu."

Mpenzi wangu alinitazama. Nilimkazia macho kwa nguvu zote nilizopewa. Akamgeukia Baba.

"Anakatiza watu wakiongea."

"Ndiyo," alisema Baba.

"Anapanga maisha ya kila mtu bila kumuuliza mwenyewe. Hata mbao ninazozipenda."

"Ndiyo."

"Akikosea haombi radhi. Anakuletea chakula, anakaa anakutazama mpaka umalize."

"Ndiyo! Ndiyo kabisa!" Shangazi alidakia, na Baba alikuwa tayari anacheka, ile sauti kubwa imejaa sebule.

"Na hili la pole alilijua wiki nzima, akatuficha sote wawili," mpenzi wangu alimalizia. "Nami nampenda, mzee. Hilo sijalilainisha. Lilivyo ndivyo lilivyo."

Kicheko cha Baba kilikatika taratibu. Alinitazama mimi, akanikuta nimeshika shavu kama mwenye jino, nalia na kucheka pamoja. Akamtazama dada yake.

"Kuanzia leo," alisema, na akachora mraba mdogo hewani, "hii ndiyo alama ya mgombea. Ndani hamna mtu."

Kisha akamgeukia mpenzi wangu. Alimtazama kwa muda, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Akaweka kiganja kifuani, akakishusha polepole.

"Hii nilikosea mlango. Ilikuwa yako."

Mpenzi wangu alikiweka kiganja chake kifuani, akakishusha, akijaribu jina lake jipya kama mtu anayejaribu shati asilolitegemea.

"Kesho utakuja karakana," Baba aliendelea, kwa ukali wa bandia. "Utawafanyia wenzangu ile pole, ya kweli. Nitasimama pembeni yako niseme nilikosea. Na kazini?"

"Nitamwambia mkuu wangu mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu."

"Vizuri."

Nilinyanyuka kukusanya vikombe, maana sikujua mikono yangu niifanyie nini. Baba aliniona. Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa, macho kwa macho. Lakini akanipita kwa macho, akamgeukia Mpole.

"Mwambie huyo binti alete chai nyingine," alisema.

Mpole alinigeukia, akainua kidevu, akakunja uso kama Baba alivyoukunja.

"Mzee anasema ulete chai nyingine," alitafsiri kwa sauti. "Hakuomba, Fundi. Ameamrisha. Samahani, siku hizi silainishi."

Shangazi alipiga makofi kwa furaha. Nilikwenda jikoni nikabandika maji motoni, nikaisikia sauti kubwa ya Baba ikicheka tena kule sebuleni. Maji yalikuwa yamechemka zamani. Nami kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikuwa na haraka ya kurudi, maana Baba alikuwa na mtu wa kuongea naye.